Fito Baharini

Mtu aliyewahi kukandika nyumba anazijua fito. Ufito mmoja hauna nguvu; zikishafungwa kwa kamba kwenye nguzo, moja juu ya mwenzake, ndipo udongo unapopata pa kushika. Sasa mpe mtu huyo kitabu cha baiolojia na umwoneshe neno fitoplanktoni. Ataona fito. Hawezi kuacha kuziona, maana neno ni lake tangu utotoni, na hakuna aliyemwambia kwamba safari hii fito ni Kigiriki na kwamba huko kwao maana yake ni mmea.

Tunaambiwa wajenzi wa nyumba moja hawagombei fito. Leo naomba ruhusa tuzigombee kidogo, mimi nawe msomaji, kwa sababu nyumba ni yetu na hizi fito zimeletwa bila kupimwa.

Tuanze na nusu ya pili ya neno. Planktoni ina konsonanti tatu zilizobanana, n, k na t, na ulimi wa Kiswahili haupendi kupita hapo bila kuchopeka irabu. Hilo peke yake si kosa la kulifukuzia neno. Tumemeza skrubu na daktari na hatukusakamwa. Kasoro ya planktoni ni utasa. Halinyambuliki. Huwezi kuplanktonika, huna mplanktoni wala uplanktoni, na kila utakapohitaji neno la karibu yake itakubidi urudi tena sokoni kukopa jingine. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha istilahi: je, inazaa?

Aliyelitunga neno hilo alikuwa Mjerumani, Victor Hensen, mwanafiziolojia wa Kiel, mwaka 1887. Alichukua planktos ya Kigiriki, yaani kilichopotezwa njia, kinachotangatanga, akawaita hivyo viumbe wa majini wanaopelekwa na mkondo. Homer alikuwa amekitumia kitenzi chake kwa mahangaiko ya Odysseus. Mwaka 1890 Ernst Haeckel akaongeza mawili ya kulisindikiza: nekton kwa viumbe wanaoogelea kwa nguvu zao, na benthos kwa wakaao chini kabisa. Kutanga, kuogelea, kukaa chini. Hawakutazama ukubwa, rangi wala sura. Walitazama tendo, na Kiswahili ni lugha ya vitenzi kuliko lugha nyingi.

Waarabu walikwisha kuonesha njia. Wagiriki waliziita zile nyota zinazohama "wazururaji". Waarabu wakaiacha sauti wakachukua maana, wakaziita kwa neno la kwenda na kusafiri, nasi tukalipokea kwao: sayari. Leo mtoto wa shule ya msingi anasema sayari bila kujikwaa. Na plankton vilevile hawakuikopa; kwao ni awaliq, vilivyoning'inia. Ni jina zuri, ila linasema kitu kimetundikwa mahali, na hawa hawakutundikwa popote.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha vya kukaa majini bila kushika usukani. Kinachokuja mdomoni kwanza ni elea. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini elea ina shughuli nyingi tayari. Moyo ukimwelea mtu anatafuta ndimu. Jambo likinielea nimelifahamu, na humo ndimo ilimotoka elewa. Tena elea ni ya juu ya maji: boya linaelea, wala haliondoki mahali pake. Hawa wengi wao wamo ndani, mita kadhaa au makumi ya mita chini ya uso, hawajazama wala hawajaelea, na hawalali mahali walipoamkia.

Peperuka ni ya upepo, na uzao wake wachapishaji wameshauchukua: kipeperushi. Kwenda arijojo kunanivutia zaidi. Tiara iliyokatika uzi huenda arijojo, na chombo kilichopoteza usukani pia. Ila arijojo ina huzuni ya kitu kilichokuwa na mwenyewe, akakipoteza. Chembe hizi hazikuwahi kuwa na uzi.

Ninayoishikilia mimi ni tanga. Kutanga ni kwenda huku na huko bila kituo, sawasawa na Kigiriki cha Hensen. Na tanga nyingine ni ile ya chombo, inayopokea upepo na kupelekwa nao. Sisemi kwamba shina ni moja. Nasema sikio la mwambao huzisikia pamoja, na hapa kusikia pamoja kunasaidia. Kipelekwacho na mkondo na kipelekwacho na kusi ni jamaa.

Wakenya watacheka. Kwao, kuanzia 2018 hadi uchaguzi wa 2022, Tangatanga ilikuwa kambi ya kisiasa ya William Ruto, na waliowakabili kutoka upande wa Uhuru Kenyatta waliitwa Kieleweke. Hebu tazama: kambi moja imesimama juu ya tanga, nyingine juu ya elea kupitia elewa. Kumbe istilahi hii ilikwisha kupigiwa kampeni majukwaani, vitenzi vyote viwili, na hakuna mwanabaiolojia aliyealikwa.

Kuna pingamizi la haki, nalo ni kwamba kutangatanga kuna harufu ya uvivu. Mama humgombeza mtoto kwa neno hilo. Lakini harufu iko zaidi katika kule kurudufu. Tanga moja ni nyepesi. Nayo kitanga pekee haifai, kwa kuwa kitanga ni cha mkono na cha mizani. Kwa hiyo napendekeza kitangamaji, wingi wake vitangamaji. Muundo huo ni wa kale na bado unazaa: kivunjajungu yule mdudu, kichinjamimba yule mtoto wa mwisho, kifunguakinywa cha asubuhi, kipimajoto cha hospitali. Kitenzi mbele, nomino nyuma, na maana inajieleza yenyewe bila kamusi.

Uzuri mwingine wa kitangamaji ni kwamba hakisemi udogo. Konyeza mwenye upana wa sinia naye hawezi kushindana na mkondo. Anapiga mwavuli wake pu, pu, na bado maji ndiyo yanayoamua atafika wapi. Kwa Hensen yumo. Kwa "viumbe wadogo sana wa baharini", tafsiri iliyozoeleka, hayumo. Tafsiri hiyo imeondoa tendo ikaweka kipimo, na kipimo si sahihi.

Sasa turudi kwenye fito, yaani wale vitangamaji wa kijani wanaojipikia kwa jua.

Wengi huandika "mimea midogo". Mmea umetoka kwenye mea, na ndani ya mea mna udongo: mbegu, mzizi, chipukizi. Hawa hawana hata kimoja, na kwa hesabu ya wanasayansi wengi wao si mimea hasa, wengine ni bakteria kamili. Sarufi nayo inatutega. Udogo wa mmea ni kimea, na kimea ni nafaka iliyochipuzwa kwa ajili ya togwa. Ongeza udogo juu ya udogo upate kijimea, nacho kimeshatumika kwa vijidudu vya maradhi. Pinda kidogo upate kimelea, na sasa tunazungumza juu ya minyoo. Shina la mea limevunwa hadi visiki.

"Mimea hadubini" naisoma pia hapa na pale. Darubini ni ya Kiajemi, dur ni mbali na bin ni kuona. Hadubini ni ndugu yake anayetazama karibu. Maneno yote mawili nayapenda sana kwa chombo. Lakini kumwita kiumbe kwa jina la chombo kinachomwonesha ni kusema habari za macho yetu, wala si habari zake. Hakuwa hadubini kabla hatujamtazama.

Mwani ndio uliopata nafasi kubwa katika vitabu vya shule, ukanyoshwa ufunike kila kisichokuwa mmea lakini ni cha kijani na kinakaa majini. Nenda Paje au Jambiani maji yakipwa uwaambie wanawake walioinama kwenye kamba zao kwamba ndani ya ndoo ile ya maji matupu mna mwani. Mwani wao hushikika. Hufungwa kwenye kamba, kamba hufungwa kwenye vigingi, na ukikatika ni hasara. Sifa yake kuu kwa anayeulima ni kwamba haupaswi kutanga. Tumechukua jina la kitu kilichofungwa tukakipa kilichofunguliwa.

Uoto ni bora kuliko hayo yote. Una wingi ndani yake bila kuhitaji ngeli ya wingi, kama uoto wa asili tunaousoma kwenye jiografia, na "uoto wa baharini" haumuudhi mtu. Ningeishia hapo kama lisingekuwapo neno chanikiwiti.

Wengi tunaijua kama rangi, kijani kile kikali cha majani mapya baada ya mvua. Lichane vipande viwili: chani, kiwiti. Kiwiti ni kibichi, -witi ya kale ikiwa ndugu wa -bichi. Na kiambishi chake ki- kinatuambia kwamba chani nayo imo katika ngeli ya ki-, ndiyo maana ikatakiwa kiwiti badala ya liwiti. Sikio langu linaisikia chani kama jani lililovuliwa j- yake likapewa ki- ya udogo: kijani kimoja, kibichi, ambacho kwa muda mrefu hakuna aliyekiita peke yake kwa sababu rangi ilikimeza.

Basi nakiomba kitoke. Chani kimoja, vyani vingi. Ni kifupi kuliko fitoplanktoni. Kina udogo ndani yake, kina ujani ndani yake, hakina mzizi wala udongo, na hakuna aliyekishughulisha kwa kazi nyingine nzito. Majirani zake ni chano cha chakula na chane ya ndizi, na wote watatu wanahusu kula. Sitajifanya kwamba hilo nimelipanga.

Vitangamaji kwa ujumla wao, vyani kwa walio kijani. Na wale wa upande wa wanyama? Hapo mwambao haukusubiri profesa. Uduvi tunao, vile vikamba vidogo visivyomenyeka, vinavyoanikwa na kuuzwa kwa kibaba. Neno hilo halifuniki wanyama wote wanaotanga, maana wamo pia mabuu ya kaa, ya chaza na ya samaki, lakini likiwa jina la kundi mojawapo tayari linanuka chumvi, na hakuna haja ya kumwambia muuza dagaa kwamba anauza zuplanktoni.

Ndani ya vyani mna makabila, na hapa Kigiriki kilijiachia kweli.

Daiatomu inatokana na kukatwa vipande viwili. Chukua mmoja umtazame kwa karibu: mwili wa seli moja umekaa ndani ya ganda la silika, aina ya kioo, lenye nusu mbili, na nusu moja ni kubwa kidogo ili iifunike nyingine. Vitundu vyake vimepangwa kwa safu kama vya mwashi aliyepima. Mababu walikuwa nacho kitu hiki kiunoni au pembeni mwa jamvi, chombo chenye kifuniko kilichotiwa tambuu na chokaa: kijaluba. Sijaona jina linalomkaa vizuri zaidi. Na tazama linavyoendelea kumkaa. Daiatomu anapogawanyika, kila mtoto huondoka na nusu moja ya mzazi, akaifanya kifuniko, kisha akajitengenezea kitako kipya kinachoingia ndani yake. Aliyerithi kile kitako cha zamani sasa amekigeuza kifuniko, kwa hiyo yeye ni mdogo kuliko mzazi wake. Kizazi baada ya kizazi vijaluba vya ukoo huo hupungua, hadi mmoja anapovua ganda lote, akakutana na mwenzake kwa njia ya jinsia na kurudia ukubwa wa mwanzo. Neno "kukatwa vipande viwili" halikusimulii lolote kati ya hayo. Kijaluba, chenye kifuniko na kitako, kinakusimulia.

Vijaluba vya maziwa ya kale vimelala Kariandusi, karibu na Gilgil huko Kenya, vikiwa ukuta wa udongo mweupe mwepesi unaochimbwa na kuuzwa. Kitaalamu ni daiatomaiti. Ukiwa umeshakubali kijaluba, udongo huo unaweza kuitwa "udongo wa vijaluba" na mtoto wa Gilgil akajua kwa nini ni mwepesi hivyo mkononi: makasha matupu.

Dainoflajelati wana jina la lugha mbili, Kigiriki cha kuzunguka na Kilatini cha mjeledi mdogo. Wana mijeledi miwili, mmoja umejizungusha kiunoni na mwingine unaburuzwa nyuma, na kwa hiyo huenda wakizunguka. Watoto wana kitu kinachozungushwa kwa kamba: pia. Silabi mbili tu zimebeba kuzunguka na kamba yenyewe. Najua pia ile nyingine, ya "vilevile", itatatiza sentensi; lakini imetatiza sentensi za watoto wanaocheza miaka yote na mchezo haujasimama.

Wale wanaojivika vibamba vya chokaa, ambao mabaki yao ndiyo yaliyojenga majabali meupe ya Dover, Kigiriki kimewapa mizigo mitatu: punje, jiwe na kubeba. Vivaachokaa, nasema mimi, na tupite.

Na wapo wadogo kuliko wote, Prochlorococcus, waliotambuliwa katika miaka ya 1980 na kundi la Sallie Chisholm, Mmarekani. Kwa idadi hakuna anayeishi kwa jua duniani anayewazidi. Tone moja la bahari ya joto laweza kuwa na maelfu yao. Hata Waingereza hawajawapa jina la nyumbani. Mwisho wa jina lao rasmi, coccus, ni punje. Basi punje. Tusiongeze kitu.

Trichodesmium anastahili kusimama naye kidogo kwa sababu ni wa kwetu. Maji yakitulia wakati wa kaskazi, bahari ya Unguja na mwambao wa Tanzania humpata kwa wingi, na akizidi sana hukusanyika juu ya maji kama michirizi ya vumbi la mbao; mabaharia wa James Cook walimwita hivyohivyo, vumbi la msumeno la bahari. Jina la kisayansi alipewa na Christian Gottfried Ehrenberg, aliyemwona huko Tor, pwani ya Sinai, mwaka 1823: tita la nywele. Nywele zikikusanywa pamoja Kiswahili husema shungi. Mashungi ya kaskazi, basi, na hapo jina limetaja na msimu wake.

Wako wanaosema wekundu wa Bahari Nyekundu unatokana na mashungi hayo yanapokufa na kubadilika rangi. Waswahili waliiita Bahari ya Shamu. Wengine walitazama maji. Sisi tulitazama yanakoelekea, kama watu waliokuwa na mzigo wa kufikisha.

Sasa tuingie kwenye kazi yao, na kazi ina istilahi zake. Rangi inayofanya kazi, klorofili, imepata jina ambalo sina la kuliongeza: umbijani. Nasikia umba, nasikia jani, na yote mawili ni kweli. Usanisinuru nayo ni neno la heshima, linafaa mtihani na hotuba. Lakini mbele ya mtoto husema vyani hupika kwa nuru, na hajawahi kuniuliza swali la pili. Kupika kuna moto, kuna malighafi, kuna chakula mwishoni, na kuna moshi unaotoka, isipokuwa hapa kinachotoka ndicho tunachokivuta. Karibu nusu ya upishi huo wote wa dunia unafanyika baharini, jikoni kwa vyani.

Wanachopikia kinaitwa virutubisho, kutoka rutuba. Kwa Kiarabu rutuba ni unyevunyevu. Ilipofika kwetu ikamkuta mkulima ambaye kwake shamba lenye unyevu ndilo shamba linalozaa, akaigeuza kuwa nguvu ya ardhi. Kwa hiyo ukisema rutuba ya bahari kwa maana ya asili umesema umajimaji wa maji, nami naona ni kituko kizuri. Tena kina ukweli wake, maana bahari ya joto ni maji mengi yasiyo na rutuba. Rutuba iko chini, kilindini, gizani, ambako vyani haviwezi kuishi.

Basi inapandaje? Hapa vitabu vinahangaika: "kupanda kwa maji ya kina kirefu", "mbubujiko wa chini". Mbubujiko ni wa chemchemi, una haraka na sauti. Mpiga mbizi ana jozi ya vitenzi ambayo haijapotea: huzama, kisha huibuka. Maji ya kilindi yanapopanda hadi juu, huo ni mwibuko. Yakishuka, ni mzamo. Neno moja limekuja na kinyume chake bila kuombwa, ndiyo faida ya kuchagua shina linalozaa.

Mwibuko mkubwa wa jirani zetu unaletwa na kusi. Upepo huo ukivuma kandokando ya Somalia na Oman, maji ya juu husukumwa kwenda mbali na pwani, ya chini yakaibuka badala yake, baridi na yenye rutuba. Kwa Mswahili kusi ni upepo, ni msimu na ni upande wa dunia kwa mpigo mmoja. Ndiyo iliyofunga bahari kwa vyombo katikati ya mwaka, vikawekwa pwani vikapakwa sifa. Kumbe wakati nahodha amelala, vyani vilikuwa kazini. Lugha iliyokuwa na jina moja kwa upepo na msimu wake haihitaji kusema "ongezeko la msimu linalosababishwa na pepo za kusini-magharibi". Mwibuko wa kusi. Yatosha.

Vyani vikiongezeka ghafla Kiingereza huona maua, na wafasiri wetu wakafuata: "kuchanua kwa mwani". Hakuna ua hapo. Wengine husema mlipuko, lakini mlipuko tumeshauajiri kwenye bomu na kipindupindu. Mshono hufumuka, mkutano hufumuka, na wachumi wakaona mbali wakachukua mfumuko wa bei: kitu kilichokuwa kimebanwa kimeachiwa. Vyani navyo vilikuwa vimebanwa na ukosefu wa rutuba au wa nuru. Kikwazo kikiondoka, vinafumuka. Nasema mfumuko wa vyani, na wachumi wasikasirike, tunaazimana.

"Wimbi jekundu" naomba tulizike. Si wimbi, mara nyingi si jekundu, na kilichotakiwa kutajwa ni sumu. Pale Oman majira ya baridi bahari hugeuka kijani kwa wingi wa Noctiluca, na kama jina lako la hali hiyo ni jekundu utabaki ukijieleza. Mfumuko sumu kwa ule unaodhuru samaki na walao chaza. Mfumuko tu kwa usiodhuru.

Noctiluca huyo, kwa Kilatini, ni taa ya usiku. Kaa ndani ya ngalawa usiku usio na mwezi, tia kasia majini, na kila pigo litawasha mviringo wa buluu unaozimika kabla ya pigo la pili. Samaki akipita chini unamjua kwa mstari wa mwanga. Tunaye kimulimuli wa vichakani. Kimulimuli wa bahari ni jina lililokuwa likingoja tu mtu aliseme.

Vyani huliwa na uduvi, uduvi huliwa na dagaa, dagaa na jodari. Vitabu huita hivi "mnyororo wa chakula". Silipendi neno hilo, na si kwa sababu ya Bagamoyo na Zanzibar pekee, ambako mnyororo una kumbukumbu zake. Mnyororo una pingu baada ya pingu, kila moja imeshika jirani yake tu. Nenda Mafia msimu wa kaskazi ukamtazame papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote walioko, amefungua kinywa kama mlango wa duka, anachuja uduvi. Aliye mkubwa kuliko wote amewaruka wote wa katikati. Mnyororo gani huo?

Lisha ina uzao mzuri. Malisho ni mahali na ni chakula chenyewe, na bahari yenye vyani ni malisho kwa maana zote mbili. Anayejipikia bila kumla mwingine ni mjilisha. Na uhusiano mzima, wa huyu kumla yule na yule kuoza akamrutubisha wa kwanza, ni mlishano. Kiambishi -an- kimefanya kazi ambayo mnyororo hauwezi: kimerudisha kitendo kwa aliyekianza.

Maana wanarudi kweli. Wanaokufa, na kinyesi cha waliowala, hushuka kidogokidogo kuelekea gizani, mchana na usiku, wakishuka na ukaa waliouvuta juu. Wazungu huita hiyo theluji ya bahari, kwa kuwa kwao theluji iko mlangoni. Theluji yetu iko juu ya Kilimanjaro na inapungua. Kinachodondoka polepole, chembamba, bila kukoma, mwambao unakijua kwa jina la rasharasha. Rasharasha la kilindi, na wa Mombasa wataelewa kilindi bila maelezo, bandari yao imepewa jina hilo.

Limebaki la upatanisho wa kisarufi, ambalo nimelikwepa tangu nilipoanza, na msomaji makini ameshaniona nikilikwepa. Niliandika "vitangamaji wa kijani" kisha "vyani vilikuwa kazini". Kiswahili kinataka kujua: una uhai wa mnyama, useme huyu, au una uhai wa mti, useme hiki? Kwa kijaluba naona hiki. Kimetulia, kinapika, hakimfukuzi mtu. Kimulimuli wa bahari anameza wenzake, kwa hiyo huyu, hata kama yule wa Oman amefuga chembe za kijani mwilini mwake zinazompikia. Tatizo ni pia. Wamo wanaopika kwa nuru mchana kutwa, kisha akipita mnyonge karibu wanamla vilevile. Ukisema "pia hii imemla mwenzake" mwalimu wa sarufi atainua kalamu. Ukisema "pia huyu anapika kwa jua" mwalimu wa baiolojia ndiye atakayeinua. Mimi naandika huyu anapokula na hii inapopika, katika aya moja ikibidi, na BAKITA wakinikataza nitaomba wanioneshe ni saa ngapi kiumbe huyo huacha kuwa kimoja akawa kingine.